Komo la Uso na Hukumu ya Jicho

Mtu mwenye komo kubwa huhukumiwa kabla hajafungua kinywa. Mfupa uliotokeza juu ya macho yake huyatia macho kivuli, nyusi huonekana zimekunjwa hata akiwa ametulia, na anayemtazama huondoka na yakini kwamba amekutana na mtu mkali, mkorofi au mzito wa akili. Siku hizi upasuaji unaweza kuupunguza mfupa huo, na kwa hiyo limetufikia swali ambalo mababu zetu hawakuwa na haja ya kujiuliza: je, ni halali kuukata mfupa mzima, usiouma, ili uso upokelewe vizuri zaidi na watu? Wengi hulijibu haraka. Wapo wanaosema huko ni kumkosoa Muumba, na wapo wanaosema mwili ni wa mwenyewe, aufanyie apendavyo. Majibu yote mawili yanaushughulikia mfupa na kulisahau jicho linaloutazama. Hoja yangu ni kwamba komo halina dhambi ya kuondolewa wala utukufu wa kulindwa. Kosa limo katika hukumu tunayoitoa juu yake. Hapo yanafuata mambo mawili ambayo lazima yashikwe pamoja: anayeteswa na hukumu hiyo hastahili kuitwa mwasi akitafuta nafuu, na jamii inayomtesa haina haki ya kumwelekeza kwenye kisu.

Kwanza tujue kinachofanyika, maana hukumu isiyojua jambo lenyewe ni dhuluma. Komo ni sehemu ya mfupa wa paji la uso, juu kidogo ya matundu ya macho. Nyuma yake, kwa watu wengi, mna uwazi wenye hewa uliotandwa utando laini, ambao huanza kukua utotoni na kufikia ukubwa wake baada ya mtu kubalehe. Ukuta wa mbele wa uwazi huo una unene wa milimita chache tu, na ukuta wa nyuma ndio unaoutenga na ubongo. Ndiyo maana daktari huanza na picha ya CT-Scan. Mwaka 1987 Douglas Ousterhout, daktari bingwa wa upasuaji wa fuvu na uso mjini San Francisco, alichapisha makala iliyozipanga njia za kupunguza komo, akiwa anawahudumia hasa watu waliozaliwa na maumbile ya kiume waliotaka uso wa kike. Swali la jinsia lina mjadala wake mpana, nami siliingii hapa. Mbinu zenyewe sasa hutumiwa kwa wagonjwa wa kila aina. Ikiwa uwazi haupo, au ukuta ni mnene, mfupa husagwa taratibu mpaka ulainike. Ikiwa bonde lililo juu ya komo ndilo linalolikuza machoni pa watu, mfupa husagwa kidogo na bonde likajazwa saruji ya mfupa. Na ikiwa uwazi ni mkubwa kiasi kwamba kusaga kungeutoboa ukuta, kipande kizima cha ukuta wa mbele hukatwa, hutolewa, huchongwa, kisha hurudishwa nyuma zaidi ya pale kilipokuwa na kufungwa kwa vibamba na skrubu ndogo za titani.

Kazi hiyo ni nzito. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, ngozi ya kichwa hupasuliwa kutoka upande wa sikio moja hadi la pili, ndani ya nywele au kwenye mpaka wake, kisha hufunuliwa kuelekea mbele mpaka mfupa wa nyusi uonekane. Mishipa ya fahamu inayopanda kutoka juu ya macho husukumwa kando kwa uangalifu, na hata hivyo utosi unaweza kukaa na ganzi kwa miezi, na kwa baadhi ya watu ganzi hiyo haiishi. Kuna kovu, kunyonyoka kwa nywele, damu kujikusanya chini ya ngozi, maambukizi ya uwazi wa hewa, na kwa nadra kuvuja kwa maji yanayouzunguka ubongo. Njia nyepesi zipo: sindano za kujaza bonde la paji, dawa ya kulegeza misuli inayokunja nyusi, au mtindo wa nywele unaoshuka usoni. Hakuna sindano inayopunguza mfupa, na kijazio kikiingia kwenye mshipa wa damu kinaweza, mara chache, kumpofusha mtu. Nayataja haya kwa sababu maadili ya jambo hayatengani na uzito wake. Kinachoruhusiwa kwa wanja na kitana hakiruhusiwi moja kwa moja kwa msumeno.

Lipo komo ambalo ni dalili ya ugonjwa, na hapo hakuna mvutano wa kidini wenye maana. Uvimbe katika tezi ya pituitari, chini ya ubongo, unaweza kumwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi kwa mtu mzima: komo hutokeza, taya hurefuka, meno huachana, pete hukwama kidoleni na viatu vya mwaka juzi havimwenei. Ugonjwa huo, akromegali, huja polepole hata walio naye nyumba moja wasiutambue kwa miaka. Mtu mzima anayeliona komo lake linakua anamhitaji daktari wa homoni kabla ya daktari wa urembo, maana kuusaga mfupa na kuuacha uvimbe ni kuuacha ugonjwa uendelee kuudhuru moyo. Kwa mtoto, paji lililotokeza linaweza kuwa alama ya upungufu wa vitamini D au ya selimundu. Historia ya akromegali inatuonyesha pia jinsi jicho la watu linavyoweza kumtenda mgonjwa. Rondo Hatton, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1894, alikuwa mwandishi wa habari huko Tampa, Florida, na askari wa Vita Kuu ya Kwanza, kabla ugonjwa huo haujaubadili uso wake. Watengenezaji filamu wa Hollywood walimpa nafasi za wauaji na mazimwi, kwa kuwa uso wake uliweza kutisha bila vipodozi. Alifariki mwaka 1946, na filamu ya mwisho iliyomwonyesha kama muuaji ikatolewa akiwa tayari kaburini. Hakuwa ametenda lolote kati ya yale ambayo watazamaji walimwogopea.

Je, yawezekana jicho linaona jambo la kweli? Wapo waliodai hivyo kwa jina la sayansi. Mwaka 1876 Cesare Lombroso, daktari wa Italia, alichapisha kitabu alichodai ndani yake kwamba mhalifu wa kuzaliwa hutambulikana kwa maumbile yake, na mfupa mzito wa juu ya macho ulikuwa miongoni mwa alama hizo. Wazo hilo lilienea, likaingia mahakamani na magerezani. Mwaka 1913 Charles Goring, daktari wa magereza ya Uingereza, alitoa matokeo ya vipimo vya wafungwa wapatao 3,000 akiwalinganisha na watu wasio wafungwa. Ukiacha tofauti ndogo ndogo kama kimo na uzito, hakuliona umbo la pekee la mhalifu. Mfupa ulikuwa hausemi kitu. Waswahili wa pwani wanaijua elimu ya firasa, na mtu anaweza kuuliza kama naikataa nayo pia. Firasa ya mtu mwenye hekima, anayeyapima maneno ya mwenzake, mwendo wake na matendo yake kwa muda mrefu, ni jambo la kuheshimiwa. Kuupima utosi na kutangaza tabia ni jambo jingine kabisa, na hilo limeshindwa kila lilipopimwa kwa haki.

Hata hivyo jicho halikuacha kuhukumu. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba sehemu ya kumi ya sekunde inatosha mtu kuamua kama uso anaouona unaaminika, na kwamba akipewa muda zaidi huzidi kujiamini katika uamuzi uleule. Uso usio na hisia yoyote, lakini ambao umbo lake linakaribiana na uso wa hasira, huhesabiwa kuwa hauaminiki. Na nyusi zilizoshuka ni sehemu kubwa ya sura ya hasira. Mwaka 2015 watafiti John Paul Wilson na Nicholas Rule waliwaonyesha watu picha za wafungwa wa Florida waliotiwa hatiani kwa mauaji, bila kuwaeleza lolote kuhusu kesi zao. Nyuso zilizoonekana haziaminiki zilielekea zaidi kuwa za waliohukumiwa kifo kuliko za waliofungwa maisha. Mwelekeo huo ulijitokeza hata kwa watu ambao baadaye waliachiwa ilipobainika hawakuua. Uchunguzi huo ulihusu uso mzima, si komo peke yake, lakini unatuambia maumivu ya mwenye uso wa namna hiyo si ndoto yake. Anaposema kwamba watu humwogopa bila sababu, anasema kweli.

Huenda tabia hiyo ya jicho ni ya kale sana. Bonde la Oldupai, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alilipata fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, limetupa uso wa kiumbe wa takriban miaka milioni 1.75 iliyopita, mwenye mfupa mnene juu ya macho. Fuvu la Kabwe, lililochimbuliwa Zambia mwaka 1921, lina komo kubwa zaidi ya la binadamu yeyote wa leo. Mwaka 2018 watafiti Ricardo Miguel Godinho, Penny Spikins na Paul O'Higgins walilijenga fuvu hilo la Kabwe kwenye kompyuta, wakalipunguza komo lake na kupima nguvu za kutafuna. Komo lilionekana kubwa kuliko inavyohitajika kwa kazi ya taya, wakapendekeza kwamba huenda lilikuwa ishara ya ubabe mbele ya wenzake, na kwamba paji lilipolainika nyusi zilipata nafasi ya kucheza na kuonyesha huruma na utambuzi. Hata asiyeikubali simulizi ya wanasayansi kuhusu asili ya binadamu anaweza kuona funzo lake: jicho letu linaweza kuwa linaogopa kwa mazoea tu. Lakini ukale wa tabia si kibali chake. Dini zote zimekuja kutufunza kuzishinda tabia tulizozaliwa nazo, na hii ni mojawapo.

Sasa tuiendee hoja nzito kuliko zote, ile ya kubadili maumbile. Hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inawalaani wanaochanja alama mwilini, wanaonyonyoa nyusi na wanaotenganisha meno kwa ajili ya uzuri. Na Sura ya An-Nisaa, aya ya 119, inakutaja kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu miongoni mwa ahadi za shetani. Muislamu hawezi kuyapita maandiko haya kana kwamba hayapo. Lakini katika hadithi hizo hizo za Mtume (S.A.W.) yumo Arfaja, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab. Aliweka pua ya fedha, ikanuka, na Mtume akamwelekeza aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu imeharamishwa kwa wanaume. Dhiki ya mwanadamu ilipewa uzito hata mbele ya katazo jingine. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, lilifuata njia hiyo: likaruhusu upasuaji wa kurekebisha kasoro ya kuzaliwa au ya ajali inayomdhuru mtu mwilini au nafsini, na likakataza kubadili umbo la kawaida kwa kufuata matamanio na kuiga wengine.

Kwa kipimo hicho, komo la kurithi lililo ndani ya mipaka ya kawaida ya nyuso za watu si kilema, na anayelipunguza kwa sababu tu ameona paji jingine akalitamani ana kazi ngumu ya kujitetea. Mlango unaobaki wazi ni wa madhara. Hapo hutokea mwenye kusema kwamba madhara haya hayatoki kwenye mfupa bali kwa watu, basi hayahesabiki. Siikubali hoja hiyo. Njaa iliyosababishwa na mwizi ni njaa vilevile, na aliyeibiwa chakula haambiwi kwamba tumbo lake halina shida. Mtu aliyezomewa tangu shuleni, anayeepuka kuangaliwa, aliyefunga mlango wa ndoa na kazi kwa sababu ya uso wake, ana madhara ya kweli. Sheikh au kadhi anayeulizwa hukumu ya mtu kama huyo anapaswa kumsikiliza yeye mwenyewe kwanza, pamoja na daktari wake, badala ya kumjibu kwa fatwa iliyoandikiwa mtu anayetafuta fahari.

Upande wa Wakristo, pingamizi hujengwa juu ya Mwanzo 1:27, kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, basi asiguse alichoumbiwa. Lakini mfano huo ungekaa katika umbo la mifupa, mtu aliyepoteza pua kwa ukoma angekuwa amepoteza sehemu ya sura ya Mungu, na hakuna kanisa linalofundisha hivyo. Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 16, kinaeleza jinsi nabii mwenyewe alivyokosea kwa kutazama kimo na sura, akaonywa kwamba Mungu hutazama moyo. Papa Pius XII, alipowahutubia madaktari wa Italia wa upasuaji wa kurekebisha maumbile Oktoba 1958, siku chache kabla ya kifo chake, aliuita uzuri wa mwili jambo jema lililo chini ya mema makubwa zaidi, na akaupima upasuaji wa urembo kwa nia, sababu na kiasi cha hatari. Hoja hii inakata pande mbili. Ikiwa heshima ya mtu haikai kwenye mfupa, kuupunguza mfupa hakumpunguzii heshima hiyo, lakini hakumwongezei pia. Anayelala kwenye meza ya upasuaji akiamini atainuka akiwa mtu wa thamani zaidi amedanganywa, na aliyemdanganya ana dhambi hata kama upasuaji wenyewe ulikuwa halali. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Mwili hubadilika kwa maradhi, ajali na uzee mpaka siku ya mwisho, na aliyeuweka utu wake wote juu ya paji la uso ameuweka mahali pasipodumu.

Wanaotetea uhuru watasema mjadala wote huu ni kumwingilia mtu mzima katika mambo yake. Nakubali kwamba uamuzi wa mwisho ni wake, wala si wa mume, mama mkwe au kiongozi wa dini. Lakini uhuru hauji kwa kutia saini fomu tu. Mtu aliyefundishwa na kejeli za miaka mingi kwamba uso wake ni mbaya anachagua huku sauti za wengine zikimjaa kichwani, na wanaouza huduma wanajua hivyo. Afrika Mashariki tunao ushahidi wake karibu. Mkorogo na krimu zenye zebaki na hidrokwinoni, ambazo Tanzania imezipiga marufuku, bado zinapakwa na watu wenye ngozi yenye afya kamili, kwa sababu jamii imepanga daraja la rangi na kuwaweka wao chini. Anayejichubua hutupiwa lawama zote, na daraja lililomsukuma linaachwa limesimama. Ndivyo itakavyokuwa kwa mifupa ya uso tukikubali kwamba dawa ya dharau ni kumbadilisha anayedharauliwa. Leo komo, kesho pua, kesho kutwa taya, na kila uso utakaorekebishwa utazidi kuwatenga wale wasio na fedha au wasiotaka kukatwa.

Anaweza basi kutokea mtu wa kusema: ikiwa kosa ni la jamii, mwenye komo avumilie, ili jamii ijifunze. Huo nao ni ukatili uliovikwa joho la hekima. Hakuna mwenye haki ya kumfanya jirani yake somo la maadili kwa wengine, na subira inayosifiwa na asiyeonja uchungu huwa nyepesi mno mdomoni. Mcheka kilema hali hakijamfika, na mhubiri wa subira mara nyingi vilevile. Kuibadili jamii ni kazi ya vizazi, na mtu ana maisha mamoja. Kwa hiyo ninaposema kosa ni la jicho, simnyimi mtu njia ya kutokea. Namwondolea tu deni ambalo si lake. Akienda kwa daktari, aende kama mtu anayejipunguzia mzigo aliotwishwa na wenzake, akijua faida na hatari zake, si kama mkosaji anayekwenda kulipa faini ya kuzaliwa alivyozaliwa.

Kutokana na hayo naona utaratibu wa wajibu ulio wazi. Ugonjwa utibiwe kwanza, na hilo ni wajibu bila mjadala. Mtoto asipelekwe kwenye upasuaji wa sura kwa komo la kurithi, kwa kuwa mfupa wake na uwazi ulio nyuma yake bado unakua, na nafsi yake bado haijapata kauli yake yenyewe. Mzazi amlinde na kejeli, akianzia na zile zinazotoka mezani pake mwenyewe. Mtu mzima anayeteseka apewe muda, mshauri, picha ya mfupa wake na maelezo ya kweli kuhusu kovu na ganzi, na daktari awe tayari kusema hapana pale anapoona kinachouma hakiko usoni. Baada ya hapo akichagua, asitengwe msikitini wala kanisani. Lakini wajibu mkubwa kuliko huu wote haumhusu yeye. Unamhusu mwajiri anayemkataa mwombaji kwa sababu ana uso mkali, mwalimu anayemshuku mwanafunzi kabla ya kumuuliza, hakimu anayeusoma uso wa mshtakiwa badala ya ushahidi, na mwimbaji au mchekeshaji anayepata riziki kwa sura za watu. Daktari anaweza kuliondoa komo moja kwa siku moja, lakini hana kifaa cha kuondoa hukumu ya uongo kwa anayetazama. Hiyo tumeachiwa sisi, na dini zetu zimetuagiza tuiache kabla ya kumuuliza mtu yeyote kwa nini ameugusa uso wake.